Programu yako uiuze wapi? Google Play, Apple, Microsoft Store, Steam, itch.io na Gumroad, sheria zao kwa muuzaji

Wakuu, mtu akimaliza kutengeneza programu yake swali la kwanza huwa "wanakata asilimia ngapi?" Mimi naona hilo swali lije mwisho kabisa. Asilimia unazijua ndani ya dakika mbili. Kinachokula muda na hela ni sheria zingine: uwe nani ndo ufunguliwe akaunti, nani anakagua mzigo kabla haujapanda sokoni, mteja akilipa ndani ya programu hela inapita mlango gani, na mwisho hiyo hela inakufikiaje wewe uliyeko Mbagala, Mwanza au Eldoret. Ukikosea hapo unakuwa na programu nzuri imekaa kwenye laptopu miezi na miezi, na hizo asilimia ulizokuwa unaziogopa hujakatwa hata shilingi.

Ili tusiongelee hewani tuchukue bidhaa tatu ambazo huku kwetu zinatengenezwa sana. Kuna programu ya duka, ile ya stoku na mauzo na madeni, inakaa kwenye kompyuta ya Windows pale kaunta. Kuna apu ya simu ya kikoba, wanachama wanaona michango yao na nani anadaiwa. Na kuna gemu ya bao. Hizi tatu haziwezi kufaa soko moja, na mtu akikwambia "weka tu Play Store" bila kukuuliza unauza nini, huyo hajakusaidia.

Ada ya mlangoni na kitambulisho

Google Play unalipa dola 25 mara moja, basi. Apple ni dola 99 kila mwaka, yaani ni kama fremu ya Kariakoo, usipolipa kodi mzigo wako unatolewa nje, hata kama wateja walikuwa wanaupenda. Microsoft Store kwa mtu binafsi sasa hivi ni bure, zamani ilikuwa dola 19 na mwaka 2025 wakaifuta, unapiga picha ya kitambulisho na selfi umemaliza. Steam, soko la gemu za kompyuta, wana staili yao, dola 100 kwa kila bidhaa, sio kwa akaunti, na wanakurudishia bidhaa hiyo ikishaingiza dola 1,000. itch.io (soko lingine la gemu) na Gumroad (duka la kuuzia mafaili) hulipi kitu kuingia.

Sasa kitambulisho. Ukifungua kama kampuni Google na Apple wote wanataka namba ya D-U-N-S, yaani namba ya utambulisho wa kampuni inayotolewa na Dun & Bradstreet. Kuiomba ni bure ila inaweza kuchukua wiki kadhaa, na jina lazima lisomeke vilevile kama kwenye cheti cha BRELA au cha msajili wa kampuni Kenya, ukiandika "Ltd" huku na "Limited" kule unajitafutia usumbufu wa bure. Ukifungua kama mtu binafsi ni rahisi zaidi, lakini Apple wataandika jina lako la kisheria kama muuzaji, hupewi nafasi ya kujiita "Simba Tech Solutions". Google nao ukianza kuingiza hela kwenye apu wanaonyesha anwani yako kamili kwa kila mtu, na hii wengi wanaishtukia siku wanaona jina la mtaa wao liko pale chini ya apu. Kama hutaki wageni wajue unapoishi, weka anwani ya ofisi halali au fungua kampuni tangu mwanzo.

Kwa Apple kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye sheria: kuandaa apu ya iPhone unahitaji Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea apu, na Xcode inakaa kwenye Mac. Hapo tayari watu nusu wameshatoka kwenye mstari.

Google Play: matesta 12

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanakwama. Kama akaunti yako ni ya mtu binafsi na umeifungua baada ya tarehe 13 Novemba 2023, huruhusiwi kutoa apu kwa umma mpaka ufanye majaribio yaliyofungwa (closed testing) na watu wasiopungua 12, yaani matesta, ambao wamejiunga na wamekaa siku 14 mfululizo. Mwanzo walitaka watu 20, Desemba 2024 wakapunguza. Akaunti za kampuni hazihusiki na hii sheria, kwa hiyo kama una kampuni imeshasajiliwa, piga hesabu: kusubiri D-U-N-S au kuwabembeleza watu 12 wiki mbili. Mimi ningesubiri D-U-N-S.

Kwa wasio na kampuni zoezi lenyewe linakwenda hivi. Unaweka imeili za Gmail za matesta wako, unawatumia linki, kila mmoja anaifungua na kubonyeza kukubali, halafu anapakua apu kutoka Play Store. Inasikika rahisi. Sasa mtu anafungua linki kwenye brauza iliyoingia kwa imeili ya kazini wakati Play Store ya simu yake iko kwenye Gmail ya zamani aliyofunguliwa na fundi simu, anaambiwa apu haipo, anakupigia, unamwambia ajaribu tena, anachoka. Kwa hiyo kabla hujatuma linki mwambie kila mtu afungue Play Store, abonyeze ile picha yake juu kulia, akutumie skrinishoti ya imeili iliyopo pale. Hiyo ndo unayoweka. Na usiweke watu 12 kamili, weka 18 au 20, maana mmoja akijitoa siku ya tisa ukabaki na 11 hesabu imevurugika.

Siku 14 zikiisha apu haipandi yenyewe, unaomba, na kuna maswali: matesta uliwapataje, walitumiaje apu, walikwambia nini, ulibadilisha nini. Ukijibu "wote wamesema ni nzuri" hujajibu. Andika vitu vyenye sura, kwa mfano mweka hazina wa kikoba alishindwa kuona jumla ya mwezi kwenye simu yenye kioo kidogo, tukahamisha jumla ikaja juu. Zile huduma za kununua matesta mtandaoni zipo, zinakupa watu wanapakua hawafungui, sasa hayo maswali utayajibu na nini?

Kuna sheria nyingine mbili za Play zisizosamehe. Apu ukishaitoa bure hauwezi kuigeuza kuwa ya kulipia, utabaki kuuza vitu vya ndani yake tu au uanze upya na apu nyingine. Na jina la pakiti, yaani kitambulisho cha apu, lile la com.nanihii, halibadiliki milele, kwa hiyo usiende na com.example.test kwa haraka. Halafu kila mwaka wanapandisha kiwango cha chini cha Android unachotakiwa kulenga, usipoapdeti wenye simu mpya hawataiona apu yako. Soko la Play halina "niliweka nikasahau".

Na fomu. Kuna fomu ya usalama wa data unaeleza unakusanya nini na unampa nani, na ukishaweka maktaba ya matangazo au ya takwimu ndani ya apu basi unakusanya, hata kama wewe mwenyewe hujaandika mstari wa kukusanya chochote. Kama mtu anafungua akaunti ndani ya apu, lazima awe na njia ya kuifuta, ndani ya apu na pia kupitia linki ya tovuti. Apple nao wanataka kufuta akaunti ndani ya apu, tangu katikati ya 2022.

Apple: mtu anaifungua kweli

Apple hawana matesta 12. Wana mkaguzi. Wanasema kwa wastani 90% ya apu zinakaguliwa chini ya saa 24, kwa hiyo kwa kasi wanampita Google wa akaunti mpya, kitu ambacho watu hawategemei. Ila mkaguzi anaifungua apu na kuijaribu, na sababu za kupigwa chini zina namba kabisa. 2.1 ni apu haijakamilika: inakwama, ina kurasa tupu, au hujampa mkaguzi jina na pasiwedi za kuingilia. Hii ya mwisho ni ya kijinga lakini ipo sana, na kwa apu zetu ina sura yake: kama kuingia kunataka namba ya simu ya Tanzania na namba ya uthibitisho inayokuja kwa SMS, mkaguzi hana laini ya Voda, hataingia. Muwekee akaunti ya majaribio isiyotaka SMS, na uweke data za mfano ndani, kikoba chenye wanachama kumi na michango, asikute ukurasa mweupe.

4.2 ni apu isiyo na kitu cha ziada, hasa tovuti iliyofungwa kwenye boksi ukaiita apu. Android hiyo mara nyingi inapita, Apple usijisumbue. 4.3 ni apu zinazofanana, kwa hiyo ule mchezo wa kutengeneza apu moja ya shule halafu kila shule unaipa rangi yake na jina lake kwenye akaunti yako moja, kwa Apple haufiki mbali, unatakiwa ufanye apu moja yenye shule zote ndani, au kila shule ifungue akaunti yake.

Na ukitaka kuonekana Ulaya unatakiwa utamke kama wewe ni mfanyabiashara au la kwa sheria yao ya huduma za kidijitali. Ukisema ni mfanyabiashara, anwani na simu vinaonyeshwa. Waliokaa kimya mpaka Februari 2025 apu zao zilitolewa kwenye soko la Ulaya.

Microsoft Store, ambayo hakuna anayeitaja

Kwa programu ya duka hili ndo soko ambalo mimi ningeangalia kwanza, na sababu ni moja: kwa programu zisizo gemu wanaruhusu utumie mfumo wako mwenyewe wa malipo na hawachukui kitu. Sifuri. Ilianza 2021. Ukitumia mfumo wao wa malipo wanakata 15%, gemu 12%. Yaani mwenye duka anaipata programu kwenye Store ya Windows, anaijaribu, akiipenda anakulipa kupitia malipo yako yaliyounganishwa na M-Pesa au Mixx au Airtel Money, unamfungulia leseni, hela yote yako. Wanachotaka ni malipo yawe salama na mteja aone wazi analipa kwa nani na akubali kabla hajakatwa.

Ugumu uko kwenye mafaili. Kuna njia mbili. Ukipeleka EXE au MSI ya kawaida, yaani faili la kuingizia programu kwenye Windows, lazima iwe imesainiwa kwa cheti kutoka kampuni inayoaminika na Windows, na hicho cheti unanunua, sio bei ya soda. Halafu linki unayowapa iwe ya toleo hilohilo, huruhusiwi kubadilisha faili lililoko kwenye linki ileile baada ya kukaguliwa, na installa iweze kuingia kimyakimya bila kuuliza maswali, na iwe kamili, sio kale kafaili kadogo kanakoenda kupakua mengine. Njia ya pili unafunga programu kwa mfumo wa MSIX, hapo Microsoft wenyewe wanaisaini bure. Kwa mtu anayeanza MSIX ndo yenyewe, unaokoa hela ya cheti na yale maonyo ya bluu ya Windows kwamba programu haijulikani yanaisha. Hayo maonyo yanaua mauzo kuliko bei, mwenye duka akiyaona anajua ni virusi, maongezi yamekwisha.

Steam na itch.io kwa gemu

Tofauti kubwa ni ukaguzi na subira. itch.io unapakia leo inaonekana leo, na wewe unachagua uwape asilimia ngapi, kuanzia sifuri, wao wamependekeza 10 lakini unaivuta unavyotaka. Steam ukilipa ile dola 100 unasubiri siku 30 kabla hujaruhusiwa kutoa gemu, ukurasa wa "inakuja" uwe hadharani wiki mbili angalau, na ukurasa na gemu vyote vinakaguliwa, wanasema siku tatu mpaka tano. Wanakata 30%, inashuka tu ukivuka dola milioni 10, ambayo kwa sasa tuwaachie wenyewe.

Kuna vitu viwili Steam vinawashangaza watu waliotoka kwenye simu. Matangazo hayaruhusiwi kuwa chanzo cha mapato. Gemu yako ya bao iliyokuwa inaishi kwa matangazo ya video kila baada ya mchezo, unayatoa yote na unaweka bei, au unabaki bure kweli. Cha pili, ukiuza vitu ndani ya gemu lazima vipite kwenye mfumo wa malipo wa Steam. Ongeza na gemu zenye sarafu za kripto au NFT, hizo walizifungia tangu 2021, na kama umetumia akili bandia kutengeneza picha au sauti unatakiwa useme kwenye fomu. itch.io nao wanataka useme kwa upande wa vifaa vya kutengenezea gemu.

Kurudisha hela: Steam mteja anarudishiwa kama ni ndani ya siku 14 na hajacheza zaidi ya saa mbili. Bao lina bahati hapo kwa sababu haliishi, ila kama gemu yako ni hadithi ya saa moja na nusu ujue mtu anaweza akaimaliza akadai chake na sheria iko upande wake. Play ndani ya saa 48 mteja anaomba kwa Google, baada ya hapo anakutafuta wewe.

Gumroad na wenzake

Gumroad sio soko la apu, ni duka la kuuzia mafaili, programu-jalizi, templeti, leseni. Hakuna mkaguzi wa kufungua programu yako. Kizuri chao ni kwamba tangu Januari 2025 wao ndo muuzaji kisheria, kwa hiyo VAT ya mteja wa Ujerumani au kodi ya jimbo la Texas wanashughulika nayo wao, wewe haikuhusu. Lemon Squeezy na Paddle wanafanya hivyohivyo. Pia Gumroad inatoa namba ya leseni kwa kila mnunuzi na programu yako inaweza kuihakiki kwa seva yao, huhitaji kujenga mfumo wako.

Lakini hesabu yao ina mtego kwenye bei ndogo. Wanakata 10% na senti 50, halafu bado gharama ya kadi 2.9% na senti 30. Ukiuza kitu cha dola 5: senti 50, na senti 50, na senti 45 hivi, umebaki na kama dola 3.55. Play kwenye dola 5 hizohizo, kwa 15%, unabaki na 4.25. Sasa panda mpaka dola 50: Gumroad wanakula 7.25, Play wanakula 7.50. Karibu zimelingana! Na mteja akikupata kupitia soko lao la ndani la Discover inakuwa 30%. Lemon Squeezy ni 5% na senti 50, na nyongeza kidogo kwa kadi za nje ya Marekani, ila duka lako wanalipitia kabla ya kuuza na hawataki uuze huduma, yaani "nitakutengenezea tovuti" haipiti hata ukiiandika kwa ujanja.

Kwa hiyo Gumroad ni kwa mteja wa mbali mwenye kadi na bidhaa ya dola 20 kwenda juu. Mwenye duka la Tandika hana kadi, ukimpa linki ya Gumroad umempoteza.

Je, naweza kuweka lipa namba ndani ya apu?

Hili ndo swali ambalo kila wiki linaulizwa, na jibu linatofautiana kwa bidhaa, sio kwa soko tu. Kama unauza kitu cha kushikika au huduma ya nje ya simu, kama chakula, usafiri, nguo, basi Google na Apple wote wanataka USITUMIE mfumo wao, tumia M-Pesa, kadi, chochote. Kama unauza kitu cha kidijitali kinachotumika ndani ya apu, kufungua vipengele vya ziada, kuondoa matangazo, usajili wa mwezi, unatakiwa kutumia mfumo wao, wanakata 15% mpaka ufikishe dola milioni 1 kwa mwaka, juu ya hapo 30% (usajili wa Play unabaki 15%).

Programu ya duka ukiitengenezea na apu ya Android watu wanadhani ni ya kibiashara kwa hiyo iko huru. Haiko huru. Sheria ya Google inataja kabisa programu za wingu za kazi za ofisi na za usimamizi wa fedha kwamba zinapita kwenye malipo yao. Ila kuna mlango halali: apu inaweza kuwa ya kuingia na kutumia tu. Mwenye duka analipa kwako nje, kwa lipa namba, kwa wakala, hata kwa fedha mkononi, unamfungulia akaunti, anaingia kwenye apu anatumia. Sharti ni kwamba ndani ya apu usiweke kitufe wala maneno ya "lipia hapa kwa M-Pesa namba fulani". Hayo maneno ndo yanayoondoa apu. Weka "akaunti yako imeisha muda" uishie hapo, mpigie simu mwenyewe. Apple nao wana mlango wa namna hiyo kwa programu unazoziuzia kampuni moja kwa moja kwa ajili ya wafanyakazi wake, kifungu 3.1.3(c). Marekani mambo yamelegezwa, mahakama Aprili 2025 iliwalazimisha Apple kuruhusu linki za kulipia nje kwenye soko la Marekani, lakini usisome habari ya California ukaitumia Morogoro.

Na apu ya kikoba, jihadhari na neno mkopo. Google wanataka kila apu ijaze tamko la huduma za fedha, na apu za mikopo binafsi haziruhusiwi kugusa namba za watu wala picha kwenye simu, wala kudai mkopo wote ulipwe ndani ya siku 60 au pungufu. Kwa Kenya wanataka leseni ya Benki Kuu ya Kenya kabisa. Apple wanaongeza riba isizidi 36% kwa mwaka pamoja na ada zote. Tanzania Benki Kuu (BoT) mwaka 2024 walitoa orodha ya apu 69 za mikopo zisizo na leseni, kwa hiyo hakuna anayekuangalia kwa jicho la huruma hapa. Kama apu yako inaandika tu kumbukumbu za kikundi na hela haipiti kwako, sema hivyo waziwazi kwenye maelezo, na usiweke skrinishoti yenye kitufe kikubwa cha KOPA SASA eti kinavutia.

Anayesema atakwepa yote haya kwa kutuma APK, yaani faili lenyewe la apu, kwa WhatsApp, sawa, leo inawezekana. Google wametangaza kwamba hata apu za nje ya Play zitatakiwa ziwe za divelopa aliyehakikiwa, inaanza Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kwingine kunafuata kuanzia 2027.

Hela inafikaje

Google, Apple na Steam wanatuma benki, kwa hiyo tafuta akaunti inayopokea dola kwa SWIFT, mfumo wa benki wa kutumiana hela kimataifa, na jina lifanane na la akaunti ya soko herufi kwa herufi. Benki yako nayo inachukua chake kwa kila muamala, ndo maana ni bora hela zikusanyike kwanza. itch.io wanatumia PayPal au Payoneer, huduma za kupokea hela mtandaoni. Kenya PayPal unapokea na tangu 2018 unaweza kutoa kwenda M-Pesa, Tanzania PayPal kwa miaka imekuwa ya kulipia tu, kupokea hapana, kwa hiyo Mtanzania aanze na Payoneer asijidanganye na akaunti ya binamu aliyeko Nairobi. Siku majina yakiangaliwa hela inabaki hukohuko.

Steam na itch.io watakuuliza pia habari za kodi ya Marekani, unajaza kama mtu wa nje. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo kwenye mauzo ya Wamarekani inaweza kukatwa mpaka 30%. Ni kwenye mauzo ya Wamarekani tu, sio yote.

Sasa wewe uende wapi

Programu ya duka: Microsoft Store kwa MSIX, iwe bure kupakua, malipo yako mwenyewe. Ukiongeza apu ya Android iwe ya kuingia tu. Gumroad achana nayo hapa.

Apu ya kikoba: Google Play, maana wanachama wengi wako kwenye Tecno na Infinix na Samsung. Kama kikundi kina kampuni au NGO nyuma yake fungua kwa jina la taasisi uruke matesta. Apple subiri mpaka kuna mtu anakulipa kuitaka, dola 99 kila mwaka kwa ajili ya wenyekiti wawili wenye iPhone haina maana.

Templeti, fonti, programu-jalizi ya kuuzia watu wa nje: Gumroad ikiwa juu ya dola 20, Lemon Squeezy ikiwa chini na uko tayari kupitiwa.

Gemu ya bao ya kompyuta: anzia itch.io, weka toleo la mwanzo, uone Wazungu wanaelewa kutakata (kusambaza kete bila kula) au wanabaki wanabonyeza mashimo ovyo, rekebisha mafunzo, halafu ndo Steam. Steam watakupa namba za leseni unazoweza kuuza kwingine bila wao kukata, ila sharti lao ni usimpe mnunuzi wa Steam dili baya kuliko unalotoa kule, kwa hiyo ukipunguza bei itch.io jiandae kupunguza na Steam ndani ya muda unaoeleweka. Na ile dola 100 ilipe mapema, hata ukurasa ukiwa bado, maana zile siku 30 zinahesabiwa tangu siku uliyolipa.